Kaktasi Lushoto? Jamani!

Wadau, nimerudi kutoka Lushoto mwezi uliopita na hasira bado haijaisha. Hasira ya maua! Chekeni tu, mkimaliza mnisikilize.

Mama mdogo amejenga pale Lushoto, na mbele ya baraza kapanga kaktasi tano, zile nene za mviringo kama mpira, zenye miiba ya njano. (Wajerumani wanaziita kiti cha mama mkwe. Sijui wakwe wa huko waliwakosea nini.) Alizinunua Dar kando ya barabara, akazipakia kwenye basi hadi Mombo, akapanda nazo mlima. Nilipofika, tatu zilikuwa zimeoza, laini kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Anazimwagilia kila asubuhi, mvua na ukungu navyo vinamsaidia! Mbili zilizobaki anasubiri zichanue. Atasubiri sana. Kaktasi hii kwao ni nyanda kavu za Meksiko. Inataka jua kali na udongo wa kokoto usioshika maji, na inaweza kukaa miaka 20 kabla ya kutoa ua la kwanza.

Sina ugomvi na kaktasi. Ukiishi Dodoma au Same, panda, utafurahi. Ugomvi wangu ulianza kwa jirani. Huyu ana chungu kimoja dirishani: majani yenye vinyweleo laini, maua ya zambarau. Nikamuuliza, mama, hiki umekipata wapi? Akajibu kwa fahari, "Kaniletea binti yangu kutoka Ujerumani."

Kutoka Ujerumani! Ua la Usambara hiyo hiyo aliyosimama juu yake!

Narudia kwa waliosinzia darasani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua hili na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa yule. Wasambaa wanaliita dughulushi, lakini nani aliwauliza? Leo liko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, linauzwa hadi kwenye supamaketi. Nyumba ngapi za Lushoto mnazijua zenye chungu chake? Mimi najua moja, na chungu kimepanda ndege.

Mhariri mmoja nilimpelekea wazo la kuandika habari hii. Akasema maua ni mambo ya wazungu. Sawa, bosi. Dughulushi ya mwituni huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Kata miti ya juu, jua lipige mwamba, mmea unakauka bila hata kuguswa. Kuna aina ambazo zinajulikana sehemu chache mno duniani, na sehemu hizo ziko kwetu. Mtu aliyezoea kuliona ua hili nyumbani kwake angeuliza miti inakwenda wapi. Sisi tunauliza bei ya mbao.

Sasa msinielewe vibaya mkaenda kung'oa Magamba au Amani! Kule ni hifadhi. Na wala hakuna haja, maana jani moja la mmea wa nyumbani linatosha. Lichomeke na kikonyo chake kwenye udongo mwepesi, mahali penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, litatoa miche. Hata mtoto wa shule anaweza. Hebu niambieni basi, kwa nini pale Soni mabasi yanaposimama tunauziwa matunda na mboga, ila hakuna hata mmoja mwenye chungu cha dughulushi? Na hoteli zinazomleta mtalii kwa jina la Usambara, zinampandia nini getini?

Mama mdogo nimemwambia yote haya. Kanisikiliza, kisha kaniuliza kama Dar nitampatia kaktasi nyingine tatu.

Jirani alinikatia jani. Liko kwenye glasi ya maji dirishani kwangu Sinza. Jana limetoa mzizi.