Mgonjwa wa Moyo Asisingiziwe Uzembe

Upo msemo uliozoeleka katika baadhi ya ofisi, na hata wodini: kwamba mgonjwa wa moyo anayerudi kulazwa mara kwa mara amejitakia mwenyewe, kwa kuwa ameacha dawa. Msemo huo unapotosha, na hauna budi kupingwa.

Ni kweli kwamba dawa huachwa. Uchunguzi wa wagonjwa waliolazwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa takriban watatu katika kila wanne hawakuwa wakitumia dawa zao ipasavyo. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha jambo ambalo wasemaji hao hulinyamazia: kilichowatofautisha zaidi wanaofuata dawa na wasiofuata kilikuwa bima ya afya. Je, kadi ya bima humfundisha mtu nidhamu? Hasha! Humlipia dawa.

Chang'ombe ni kielelezo. Pale wapo wahadhiri wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, walimu na watumishi wa Serikali, ambao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kuwahudumia na ukaanza kazi mwaka 2001. Jirani zao ni mafundi, wachuuzi na vibarua wa viwandani, ambao wengi hula kwa jasho la siku. Shinikizo la damu haliulizi cheo. Mwenye kadi huchukua dawa ya mwezi. Asiye nayo hupima kati ya kidonge na unga, na unga hushinda. Miezi ikipita moyo hutanuka, miguu huvimba, pumzi hukata, naye huletwa Temeke au Muhimbili akiwa hoi. Hapo ndipo huitwa mzembe!

Wapo pia wanaodai kuwa huu ni ugonjwa wa vikongwe na matajiri. Katika uchunguzi wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilishindwa kazi walikuwa na wastani wa umri wa miaka 55, ambao ndio umri wa mtumishi kustaafu kwa hiari. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, ambalo zahanati yenye kipimo hulitambua kwa dakika chache.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Lakini sheria haimezwi kama kidonge. Ni wajibu wa watendaji kuhakikisha kwamba asiye na uwezo anaandikishwa, kwamba kila mtu mzima afikaye zahanati anapimwa, na kwamba dawa za shinikizo hazikosekani rafuni. Ni wajibu wa walimu kuwaeleza wazazi kwamba dawa hiyo haiachwi kwa kujisikia nafuu. Na kila mwenye kadi mfukoni akumbuke kuwa hakumzidi jirani yake kwa busara. Amemzidi kwa kadi tu. Kabla ya kumlaumu, na ashughulike jirani huyo naye aipate.