Mashauri kwa Wenye Motokaa: Gia Inapokataa Kuingia

Wasomaji wetu wengi wa Nyeri, Karatina, Kerugoya na Nanyuki wana gari dogo la kuchukulia maziwa, viazi au kahawa. Hutokea asubuhi moja mwenye gari akawasha injini, akakanyaga klachi, akasukuma mkono wa gia. Gia isiingie, au ilie kwa ukali na kurudi. Mara wasimamao karibu husema, “Sanduku la gia limekufa!” Neno hilo ni ghali. Kushusha sanduku la gia ni kazi kubwa, na huenda ugonjwa haumo humo kabisa. Basi yafaa kila mwenye gari ajue kupima mwenyewe kabla hajafungua mfuko wake.

Kwanza, gari lisimame mahali pa sawasawa, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Zima injini, kanyaga klachi, ujaribu gia zote moja baada ya moja. Moja ikigoma, mtu alitikise gari kidogo, ujaribu tena. Zikiingia vyema injini imezimwa, lakini zikakataa injini inapozunguka, yaelekea ugonjwa ni wa klachi. Maana kazi ya klachi ni kuitenga injini na gia. Isipotenga sawasawa, injini huendelea kuzungusha meno, nayo meno yazungukayo hayakubali kuingiana na yaliyosimama. Lakini zikikataa hata injini imezimwa, tazama vyuma au nyaya zinazounganisha mkono wa gia na sanduku: labda pini imechomoka au bushi imelika. Hayo yakiwa mazima, ndipo sanduku lenyewe lishukiwe.

Ikiwa ni klachi, anza na yaliyo mepesi. Tazama kama zulia linazuia pedali kufika chini. Kama klachi huvutwa kwa waya, angalia kama umelegea au nyuzi zake zinakatika. Kama hutumia mafuta, tazama chupa yake. Yakiwa yamepungua, tafuta unyevu kwenye pampu ya juu, nyuma ya pedali, na pampu ya chini, kando ya sanduku la gia. Kisha kanyaga pedali mara kadhaa upesi upesi. Gia ikiingia baada ya hapo, huenda kuna hewa ndani au mipira ya pampu imechoka. Bei ya mipira hiyo ni ndogo mbele ya bei ya klachi nzima. Ongeza mafuta ya breki ya namna iliyoandikwa kwenye kifuniko. Usitie mafuta ya injini kamwe, maana huvimbisha mipira; tena katika magari mengine chupa ni moja kwa klachi na breki.

Gari lililolala majuma mengi katika mvua za Aprili, sahani yake ya klachi huweza kushikana kwa kutu. Hiyo ni kazi ya fundi.

Wenye Land Rover za zamani wasidanganyike. Katika nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 1971, gia ya kwanza na ya pili hazina kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno. Zikikataa gari likiwa mwendoni, huo si ugonjwa, ndiyo desturi yake.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha: usiteremke mlima na gari lenye gia zisizoaminika. Pasipo gia, injini hailizuii gari tena. Breki peke yake hubeba mzigo wote, hupata moto na kulegea. Wajuao mteremko wa mto Nithi, katika barabara ya Embu na Meru, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa, wanajua kuwa mteremko si mahali pa kubahatisha.

Ukienda kwa fundi, usimwambie tu kwamba gari limeharibika. Mwambie uliyoyaona: “Gia zaingia injini ikizimwa, na mafuta yanavuja pampu ya chini.” Fundi mwema atakushukuru kwa kumwokolea saa, na mwenye tamaa atajua kuwa hasemi na kipofu.

Hatimaye, mguu usikae juu ya pedali ya klachi safarini, wala gari lisizuiwe mlimani kwa klachi badala ya breki. Na tone la mafuta lionekanalo leo lishughulikiwe leo; usipoziba ufa utajenga ukuta.