Kona ya Mwalimu: Kovu la Mama na Mpishi wa Merca

Mwezi huu nina deni la kulipa.

Juzi pale bombani mama mmoja mzee alipandisha mkono wa gauni akatuonyesha kovu la duara begani. Akasema, "Mwalimu, chanjo ya zamani ilikuwa ya kweli, angalia mwenyewe. Hawa wajukuu wanachomwa ya surua, alama hakuna. Si wanachomwa maji tu?" Watu walicheka, lakini wengine niliona wanakubali kwa kichwa. Nikaahidi kujibu hapa.

Mama, hilo kovu lako ni la chanjo ya ndui. Sindano yake ilikuwa na ncha mbili, inachovya dawa, halafu inadunga ngozi mara nyingi mahali pamoja. Kinatoka kidonda, kinakauka, kovu linabaki. Ya surua inaingia chini ya ngozi bila kidonda, na kinga yake iko ndani ya mwili. Na hiyo ya ndui hawapewi tena watoto, maana ugonjwa wenyewe uliisha. Aina yake kali iliua karibu watu 3 kati ya 10, na dawa ya kuiponya haikuwepo.

Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu huku Afrika Mashariki: Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 gari lilifika na watoto wawili wenye ndui. Dereva akauliza njia ya kwenda kwenye kambi ya wagonjwa. Maalin akaingia garini kumwelekeza. Safari ya dakika chache tu! Siku kama kumi baadaye akashikwa na homa. Kwanza walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga. Kumbe ni ndui.

Ajabu ni kwamba aliwahi kufanya kazi na watu wa chanjo, lakini yeye mwenyewe alikwepa. Baadaye alisema aliogopa, aliona sindano inauma. Mimi siwezi kumcheka. Darasa la pili niliruka dirisha nilipoona koti jeupe.

Wahudumu waliwatafuta watu 161 waliokuwa karibu naye, wakachanja mji, zaidi ya watu 50,000. Hakuna mwingine aliyeugua kutoka kwake. Maalin akapona, lakini msichana mmoja wa lile gari, wa miaka 6, alifariki. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha.

Maalin hakukaa kimya. Alipozeeka kidogo alijitolea kwenye chanjo ya polio, akizunguka kwa wazazi wanaokataa na kuwasimulia yaliyompata. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alitoka tena. Julai mwaka huo akaugua malaria kazini, akafariki.

Surua bado iko. Hapa Uganda mtoto anachanjwa akiwa na miezi 9, na mara ya pili miezi 18. Mama yangu wa bombani, yule mjukuu wako mdogo naona anakaribia 9. Leta kadi yake Jumamosi nyumbani kwetu, tuisome pamoja.