Neno Kinywani, Karatasini na Mkononi: Hoja Kuhusu Utafiti wa Mofolojia

1.0 Utangulizi

Mwaka 1960 zilichapishwa kazi mbili zisizojuana. Berlin, Joseph Busse alitoa maelezo ya lugha ya Kinyiha, mojawapo ya lugha za Kibantu za kusini-magharibi mwa Tanzania. Marekani, William Stokoe alitoa uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi si maigizo, bali zina muundo wa ndani unaochanganulika. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mikondo hiyo miwili bado hufundishwa kana kwamba haina uhusiano. Makala haya yanadai kwamba mtafiti aendaye Ihanda, Wilaya ya Mbozi, kuchunguza Kinyiha hana budi kuuliza swali moja kabla ya kutenga mofimu yoyote: neno ni nini, na ni nani aliyeiweka mipaka yake?

2.0 Nafasi katika Maandishi si Ushahidi

Wanafunzi wengi hulichukua neno kutoka karatasini likiwa tayari limekatwa. Kiswahili chenyewe chaonya dhidi ya mazoea hayo. Vitabu vya zamani viliandika "ye yote" na "cho chote"; leo huandikwa "yeyote" na "chochote". Kilichobadilika ni maendelezo, wala si sarufi ya msemaji. Kinyume chake, "amekwisha kula" na "ameshakula" zinaonyesha mabadiliko ya kweli: kitenzi "kwisha" kimepungua hadi kuwa kiambishi. Atakayetegemea nafasi kati ya maneno hatatofautisha mambo haya mawili. Kigezo cha mkazo humsaidia zaidi. "Ndugu yako" ina mikazo miwili, lakini katika "nduguyo" mkazo ni mmoja na umehamia silabi ya "gu".

Ugumu huongezeka Ihanda. Wenyeji huiita lugha yao Ishinyiha, yaani i-shi-nyiha: kabla ya kiambishi cha ngeli kuna irabu tangulizi, ambayo Kiswahili hakinayo. Katika lugha zenye irabu hiyo, kiunganishi kinapotangulia nomino, mara nyingi irabu mbili hukutana na mpaka hufifia. Waandishi wa Luganda waliamua kuandika "n'omuntu", na ritifaa hiyo ni uamuzi wa kiisimu uliovaa sura ya alama ya uandishi. Mtafiti wa Kinyiha anayefuata maendelezo ya Kiswahili bila kujieleza huwa naye ameamua, ila hajui. Kwa kuwa Kinyiha si lugha ya kufundishia shuleni, uamuzi wake waweza kurithiwa na watakaomfuata kama ukweli wa lugha yenyewe.

3.0 Ushahidi wa Mkono

Lugha za alama hupima nadharia zetu kwa ukali zaidi. Katika "nimekupa", mofimu tano hupangwa foleni: ni-me-ku-p-a. Katika lugha za alama zilizochunguzwa kwa kina, kitenzi cha kutoa huufanya mkono usafiri kutoka nafasi ya mtoaji hadi nafasi ya mpokeaji. Mzizi, mtenda na mtendwa huonekana kwa wakati mmoja. Aronoff, Meir na Sandler (2005) walionyesha kwamba mofolojia ya namna hii imestawi katika lugha za alama, ilhali viambishi vya kufuatana ni vichache. Basi fasili isemayo kwamba neno ni mfuatano wa mofimu imeeleza njia ya kinywa, haijaeleza lugha.

Hata hivyo, ulinganisho usio na hadhari hupotosha. Maumbo ya mkono yanayowakilisha watu au magari hufanana kijuujuu na ngeli, lakini hayaleti upatanisho wa vivumishi kama zifanyavyo ngeli za Kibantu. Kadhalika, Lugha ya Alama ya Tanzania isichukuliwe kuwa Kiswahili cha vidole. Kuandika jina kwa herufi za vidole ni kuazima kutoka maandishi. Sarufi haiazimwi kwa njia hiyo.

4.0 Pingamizi

Yawezekana kupinga kwamba mwanafunzi wa uzamili hana muda wa kujifunza njia zote tatu. Hoja hiyo ina uzito, lakini kinachodaiwa hapa ni kidogo: aeleze kigezo chake cha neno, arekodi usemi kabla ya kuuandika, na asitoe kauli juu ya "lugha zote" kwa ushahidi wa kinywa peke yake.

5.0 Hitimisho

Idara zinazosimamia tasnifu zidai sura fupi ya vigezo vya neno katika kila utafiti wa mofolojia. Aidha, viziwi washirikishwe wakiwa watafiti, wala si watoa data tu. Pasipo hayo, mzee wa Ihanda atanukuliwa kwa mipaka ya lugha nyingine, na kiziwi wa Mbozi ataendelea kuhesabiwa kuwa hana neno.