Insha ya kushawishi isiyo na wa kushawishiwa

Simama kwenye steji yoyote kuanzia Likoni hadi Malindi, uitazame nguzo ya stima iliyo karibu nawe. Utaona karatasi ya mganga. Haina picha wala rangi, na karatasi yenyewe ni ile ya bei ya chini kabisa. Herufi ni kubwa na nyeusi. Zinataja shida tano au sita: mpenzi aliyeondoka, kesi iliyo kortini, deni lisilolipika, kazi isiyopatikana, mali iliyoibwa. Chini yake kuna nambari ya simu. Basi.

Simpigii debe mganga. Lakini nimefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hizi, na sijaona mfano wa uandishi wa kushawishi unaomshinda. Anajua anazungumza na nani. Anajua kinachomuuma huyo mtu saa hiyo anaposubiri matatu. Na hamwachi aende hivi hivi, anamwambia cha kufanya: piga simu. Kilichokosekana ni ukweli tu, na hilo pia ni somo.

Sasa ingia darasani. Ukutani kuna bango la manila ambalo mzazi amelinunua pamoja na rangi na gundi, akilalamika kama wanavyolalamika wazazi wote tangu mtaala wa umilisi uanze. Limeandikwa: TUTUNZE MAZINGIRA YETU. Chini kuna mti wa kijani na jua linalocheka. Mwalimu ametia tiki, kwa sababu hati ni nzuri na hakuna kosa la tahajia. Ukimuuliza mwanafunzi bango hili ni la nani, atakuambia ni la mwalimu. Anayesoma afanye nini baada ya kusoma? Hajui, hakuulizwa.

Nayaandika haya kwa sababu kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na katika masomo ya lazima, pamoja na Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, kuna lile la kujifunza kwa kuhudumia jamii, ambalo walimu wamezoea kuliita CSL. Kila mwanafunzi, awe mkondo wa sayansi, wa sanaa au wa masomo ya jamii, anatakiwa atoke nje ya lango la shule afanye jambo linalowafaa watu. Nafasi kama hiyo hatukuwahi kuwa nayo. Hofu yangu ni kwamba tutaimaliza kwa kuokota chupa za plastiki ufuoni Ijumaa moja kila muhula, tupige picha ya pamoja na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, halafu turudi darasani kuandika tangazo la kubuni kuhusu kitu cha kubuni.

Lawama si za walimu peke yao. Mtihani wa KCSE umetulea hivyo. Katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili mtahiniwa huandika insha mbili za alama 20 kila moja, na mara nyingi ile ya lazima ni barua kwa mhariri, hotuba, ripoti au maandishi mengine ya aina hiyo. Hukatwa alama akikosea muundo. Kwa hiyo tuliwafundisha muundo: anwani hapa, mtajo hapa, hitimisho hapa. Vijana wetu wanaweza kumwandikia mhariri barua iliyonyooka kama rula, na hawajawahi kumwandikia mhariri yeyote maishani mwao. Mtihani huo utafanywa mara ya mwisho 2027. Tabia yake isipoangaliwa itaendelea kuishi baada yake.

Niliwahi kulijaribu jambo hili, katika shule moja ya kaunti ya Kilifi iliyo karibu na barabara kuu. Watoto walikuwa wanavuka kwa kukimbia asubuhi na jioni, na madereva wa matatu mnawajua. Nikawaambia Kidato cha Pili waandike barua ya kuomba matuta. Waliandika barua tamu sana. Walimwomba gavana, walimsifu, walimtakia maisha marefu, na aya nzima ilieleza jinsi uhai ulivyo zawadi ya Mwenyezi Mungu. Baada ya wiki kadhaa tukajibiwa kwa ufupi kwamba barabara kuu si ya kaunti, ni ya serikali ya kitaifa. Tulikuwa tumebisha mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba limeeleza nani anashika nini, na mimi mwalimu wao nilikuwa sijalifungua.

Mara ya pili hawakuanza na kuandika. Walikaa kando ya barabara na mwalimu, asubuhi kwa nusu saa, siku tano, wakihesabu magari na watoto wanaovuka. Walimuuliza mama muuza mahamri ambaye hukaa hapo tangu alfajiri ni mara ngapi ameona mtoto akiponea chupuchupu. Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, haikuwa na sifa za mtu yeyote, na ilipelekwa kwa mamlaka inayohusika. Mwalimu mkuu alisita kuitia muhuri. Aliogopa kuonekana anawachochea watoto dhidi ya serikali, na sikumlaumu sana, kwa sababu anayehamishwa ghafla ni yeye, si mimi. Alipoisoma mara mbili akaona haina tusi, ina hesabu tu, akaitia. Mwaka uliofuata kikachorwa kivuko cha milia. Matuta hayakuwekwa.

Wanafunzi walikasirika. Mmoja aliniuliza kwa nini tuliwahesabia magari ikiwa hawangesikiza. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia aandike barua ya tatu. Aliandika, na ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, kwa sababu alianza kwa kushukuru kwa kile kivuko kisha akaeleza kwa nini dereva aliye mwendo wa kasi hakioni mpaka amefika juu yake. Hakuna kitabu cha mbinu za lugha kilichomfundisha kumwanzia mtu kwa kile alichokwisha kukubali. Alifundishwa na kukataliwa.

Ndiyo maana nasema tangazo la darasani na mradi wa jamii visitenganishwe. Tangazo linamfundisha mwanafunzi jinsi maneno machache yanavyomshika mtu. Mradi unamfundisha kwamba huyo mtu yupo kweli na anaweza kusema la.

Mambo ya kuchambua hayatuishii hapa Pwani. Chukua matangazo ya kamari. Aprili 2025 bodi inayosimamia kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikieleza kwamba yanaonyesha kucheza kamari kama njia halali ya kutafuta utajiri na kwamba yanawafikia watoto. Darasa zima linayakumbuka matangazo hayo, hata nyimbo zake. Mwalimu hahitaji kuhubiri. Aulize swali moja tu: kwenye tangazo tunamwona aliyeshinda akikumbatiwa na wenzake, je, aliyeshindwa yuko wapi? Mwanafunzi akishaanza kumtafuta asiyeonyeshwa, hataacha. Atamtafuta kwenye tangazo la mkopo wa simu, kwenye bango la mwanasiasa, na kwenye tangazo la shule yake inayojisifu kwa matokeo.

Au chukua muguka. Mei 2024 Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku uuzaji wa muguka kwenye kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Hoja yake ilikuwa afya ya vijana na watoto. Viongozi na wakulima wa Embu wakajibu kwamba huo ni mmea unaotambuliwa na sheria na ndio unaolipa karo za watoto wao, Rais akawaunga mkono, na Mahakama Kuu kule Embu ikasimamisha amri hizo. Huku kwetu wengi tulikasirika, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwani nimewaona vijana wa mtaani kwangu walivyo. Lakini kama ningekuwa darasani leo ningewapa kazi hii: nusu ya darasa iandike tangazo la redio la mama wa Likoni, nusu nyingine la mkulima wa Embu, kisha wabadilishane. Kijana wa Likoni akilazimika kumwandikia mkulima, atagundua kwamba kumwita muuaji hakumtoi shambani. Itabidi amwambie apande nini badala yake, amwuzie nani. Hoja yetu Wapwani katika sakata ile ilikuwa na uchungu mwingi na haikuwa na jibu la swali hilo.

Isidhaniwe haya ni mageni kwetu, yameletwa na wataalamu wa mtaala. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi ya siasa wakati Mombasa ya Mazrui ilipokuwa ikivutana na Lamu na Seyyid Said wa Oman, na upande wa pili nao ulikuwa na malenga wake wa kujibu. Mtunzi alijua fika kwamba shairi lake litafika kwa adui na litarudi na majibu.

Na pale hoja ilipopangwa vizuri tumeona matunda yake. Lamu walikataa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe. Walipiga kelele, ndiyo, na fulana walivaa. Ila tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ilipofuta leseni ya mradi ule, sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari zake. Kuna watu waliokaa wakaandika nani aliitwa kikao gani, lini, na aliambiwa nini. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa kaa, na sehemu ya mapato imeingia kwenye maji na vifaa vya shule za Gazi na Makongeni. Fikiria kazi ya maneno iliyofanyika pale: mvuvi anayetaka boriti ashawishiwe kwa lugha moja, na mnunuzi wa ng'ambo kwa lugha nyingine kabisa.

Kuna wanaosema watoto wasiingizwe kwenye mambo ya serikali. Wana hoja, kwa sababu wanasiasa wetu hawachelewi kuwapanga watoto mstarini wakapigwa nao picha, na mwaka wa uchaguzi ndio balaa. Mipaka iwepo: asiandikwe mtoto jina lake kamili, asitumwe kwa mwanasiasa peke yake, barua ipite kwa mwalimu. Lakini Kifungu cha 37 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Hakikusema kila mwenye kitambulisho. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu haki ya kulipelekea bunge la kaunti ombi kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Maji, takataka, zahanati, soko, chekechea, barabara za mitaani, yote hayo yako chini ya kaunti. Hata mabango ya matangazo ya barabarani yako huko, kwa hivyo yule mganga wa steji na bango la kamari lililo mkabala na shule ni mambo ambayo darasa linaweza kumwandikia mwakilishi wadi wake kesho.

Kwa mwalimu wa Gredi ya 10 anayesoma hapa na kuuliza aanzie wapi, kalenda ipo tayari. Sheria inaitaka kaunti ipeleke waraka wa mikakati ya fedha kwenye bunge lake kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba. Vikao vya kukusanya maoni ya umma huwa karibu na tarehe hizo. Tarehe mbili za kwanza zinaangukia karibu na muhula wa kwanza. Mwanafunzi aliyehesabu mitungi kwenye foleni ya maji Januari anaweza kuwa na ukurasa mmoja mkononi kabla bajeti haijafungwa, na tangazo la redio la nusu dakika, ambalo halibebi zaidi ya maneno 70, la kuwaita majirani wafike kikaoni. Hakuna manila ya kununua hapo. Vituo vya redio vya hapa Pwani hutafuta sauti kama hizo, na imamu na mchungaji hawatakataa kulisoma likiwa fupi.

Wiki jana nilipita ofisi ya wadi moja ambayo sitaitaja. Tangazo la kikao cha maoni lilikuwa limebandikwa mlangoni, ukurasa mzima wa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo kama punje za mtama, na tarehe ya kikao ilikuwa mstari wa nne kutoka chini. Bwana mmoja mzee alisimama akalitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hapa wamesema tuje lini?" Nikamsomea. Kikao kilikuwa kimefanyika juzi yake.