Siku moja Masasi na Newala: Mtoto akiuliza kuhusu utumwa, ajibiwe nini?

Likizo ikikaribia, familia nyingi huamini kuwa matembezi ya historia lazima yawe mbali: Mji Mkongwe wa Zanzibar, Kilwa Kisiwani, Bagamoyo, au miji ya kale kama Toledo ya Hispania ambayo watoto huiona kwenye simu. Nauli ikipigiwa hesabu, safari inaahirishwa hadi msimu mwingine wa korosho.

Wakati huohuo, mtoto wa Masasi anapita kila siku chini ya milima ya mawe bila kujua ni akina nani waliofika hapo kwa miguu wakitoka utumwani. Mwenzake wa Newala anachungulia bonde la Ruvuma bila kujua kwa nini wazee wake walichagua kuishi juu, mahali pasipo na mto.

Miji hii miwili familia inaweza kuitembelea kwa siku moja. Kazi kubwa ya mzazi katika safari hiyo ni kujiandaa kwa maswali.

Asubuhi: Masasi

Pa kuanzia ni Mtandi, kwenye kanisa kuu la Anglikana. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika kitabu mashuhuri cha kufundishia Kiswahili, aliondoka Zanzibar na kundi la watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliookolewa kutoka utumwani. Walishuka pwani ya Lindi, kisha wakatembea kuingia bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla, mwaka 1873.

Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na kwao, kwa kuwa wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona ardhi ni nzuri, wakakaa. Hapa mzazi asimalize hadithi haraka. Amuulize mtoto: kama ungechukuliwa ukiwa mdogo, ukarudi ukiwa mtu mzima, ungeendelea kuitafuta nyumba yenu au ungejenga mpya? Watoto wa darasa la tatu na la nne hulijibu swali hili vizuri kuliko wakubwa wanavyodhani.

Hadithi haikuishia kwenye raha. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni waliivamia Masasi. Watu waliuawa na wengine wakatekwa, wakiwamo waliokwisha kuonja uhuru. Baada ya hapo wamisionari walihamia Newala kwa Matola, chifu wa Wayao, wakapata hifadhi kwake. Ndiyo maana inafaa familia nayo ifuate njia hiyo.

Mchana: Newala

Gari likipanda kuelekea Newala, hewa inabadilika na watoto wanaanza kuomba masweta. Kivutio kikubwa ni ukingo wa uwanda, mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa linatandaa bonde la Mto Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji.

Mandhari yakishapigwa picha, mzazi aonyeshe kitu kimoja: huku juu hakuna mto. Uwanda wa Makonde hunywa mvua na kuipitisha chini ya udongo, kisha maji hutokeza bondeni. Kwa vizazi vingi watu, hasa wanawake na wasichana, walishuka mteremko huo na kupanda tena wakiwa na maji kichwani. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiona shida hiyo kwa macho yake. Mradi mkubwa wa kupandisha maji uwandani ulianza miaka ya 1950.

Kwa nini basi watu waishi mbali na maji? Sababu mojawapo ni usalama. Vichaka vizito vya uwanda viliwaficha dhidi ya misafara ya watumwa na wavamizi. Kila mtungi uliopandishwa ulikuwa gharama ya kulala bila hofu ya kuchukuliwa. Mtoto anayelalamikia kutumwa bombani ataisikia habari hiyo kwa sikio jingine.

Maswali yatakayokuja

"Na sisi tulikuwa watumwa?" Mzazi asikwepe wala asikemee. Kama anajua, aseme. Kama hajui, aseme kuwa hajui na kwamba watamuuliza bibi. Kuna koo ambazo bado hulificha jambo hili kama aibu. Mtoto aambiwe wazi kuwa aibu ni ya aliyeteka na aliyeuza. Aliyetekwa hakufanya kosa lolote.

"Nani aliwauza?" Jibu la kweli lina watu wengi: wafanyabiashara wa pwani, wanunuzi wa visiwani na ng'ambo, na pia baadhi ya machifu wa bara. Kumtupia lawama mmoja ni rahisi, lakini mtoto atakuja kugundua kuwa alidanganywa.

"Kwa hiyo Wangoni ni wabaya?" Hapana. Darasani kwake wamo Wangoni, Wayao, Wamakua na Wamakonde, na hakuna hata mmoja aliyeivamia Masasi mwaka 1882. Historia isigeuzwe fimbo ya kumpigia jirani.

Kwa walio chini ya miaka saba, inatosha kusema kuwa zamani watu walichukuliwa kwa nguvu, na wengine wakasaidiwa kupata makazi mapya. Habari za minyororo na vifo zisubiri umri wake. Jioni, wengi wao huuliza kama nao wanaweza kuchukuliwa. Wahakikishiwe kuwa biashara ile ilikomeshwa, kisha wakumbushwe kutofuatana na mtu wasiyemjua.

Kabla ya kuondoka

Safari ianze alfajiri, hasa kama familia inategemea usafiri wa abiria. Ni vyema kumuuliza dereva mapema hali ya barabara na saa ya gari la mwisho la kurudi. Miezi ya kiangazi ni salama kuliko ya masika.

Maji ya kunywa, mihogo ya kuchemsha na chapati za nyumbani hupunguza gharama. Masweta yasisahaulike. Kanisani waombe ruhusa kwa wenyeji kabla ya kuzunguka au kupiga picha. Ukingoni Newala, kila mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima mmoja, na simu ikae mfukoni mpaka watoto wote wawe wamesogea nyuma.

Muda ukiruhusu, siku imalizikie kwa bibi au mjomba, kwa kuwa katika koo nyingi za huku ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mtoto aandae maswali mawili yake mwenyewe: wazee wetu walitoka wapi, na nani aliwapokea walipofika? Majibu yaandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, pamoja na jina la aliyeyatoa, kwani bibi hatakuwepo kila likizo.