Malipo Yamefika, Oda Imekwama: Weka Dalali Katikati

Mteja amelipa shilingi 1,500, ujumbe wa kuthibitisha anao kwenye simu, lakini tovuti yako bado inasema "tunasubiri malipo". Analipa tena. Kisha anakupigia kwa hasira, na wewe unatupigia sisi.

Mara nyingi pesa imefika vizuri tu. Siku hizi maduka mengi ya mtandaoni yamegawa mfumo kwa huduma ndogo ndogo za JavaScript, zinazoendeshwa kwa Node.js: moja inapokea taarifa ya malipo, nyingine inatoa risiti, ya tatu inapunguza stoku, ya nne inamwita mtu wa bodaboda. Zikiitana moja kwa moja, ile ya risiti ikilala, iliyoiita inabaki ikingoja, taarifa yetu haijibiwi kwa wakati, na oda inaning'inia.

Kwa maoni yangu, hapo katikati panahitaji dalali wa ujumbe. RabbitMQ inafaa, ipo tangu 2007 na ni ya bure. Huduma ya malipo inamkabidhi dalali taarifa, dalali akikiri ameipokea, inatujibu, basi. Yeye anaweka nakala kwenye foleni ya kila huduma. Risiti hata ikilala saa nzima, stoku na bodaboda zinaendelea, na ikiamka inakuta kazi zake zikiisubiri. Kesho ukitaka kuongeza pointi za wateja, unafungua foleni nyingine tu, ile ya malipo huigusi.

Lakini usidhani kazi imeisha. Foleni iwe ya kudumu, na ujumbe wenyewe pia uwekwe alama ya kuhifadhiwa kwenye diski. Ukisahau kimojawapo, stima ikipotea na seva ikizimika, ujumbe umeenda.

Linaloumiza zaidi ni ujumbe kufika mara mbili. Dalali hafuti ujumbe mpaka huduma ithibitishe imemaliza. Ikipunguza stoku halafu ianguke kabla ya kuthibitisha, ujumbe uleule unarudi, na stoku inapungua tena kwa malipo yaleyale. Kinga ni nambari ya muamala: hifadhidata isikubali kuiandika mara mbili, na kuiandika huko kufanyike pamoja na kupunguza stoku, au visifanyike vyote. Wako wanaokwepa haya kwa kuwasha noAck kwenye amqplib. Kwa mambo ya pesa, tafadhali usiiwashe: ujumbe utafutwa mara tu unapotumwa, hata kama hakuna kilichofanyika.

Na dalali mwenyewe akilala? Huduma ya malipo isijibu kwamba imepokea. Baadaye iulize hali ya muamala, kabla mteja hajalipa mara ya pili.

Kama duka lako ni programu moja na hifadhidata moja, huyu dalali atakuwa mzigo wa kulinda bure. Jedwali la kazi zinazosubiri, ndani ya hifadhidata hiyohiyo, litakutosha kabisa.